Ngazi ya Mpira wa Meza: Mwanafunzi Anapomwomba Mechi Profesa

Idara ya chuo kikuu yenye watu 20 wanaopenda mpira wa meza inakutana na tatizo la hesabu kabla hata raketi hazijashikwa. Kila mmoja akicheza na kila mwenzake mara moja tu, kama ligi inavyotaka, zinahitajika mechi 190. Meza ni moja. Mapumziko ya mchana ni saa moja, na saa moja inatosha mechi tatu, labda nne watu wakiharakisha. Hapo ligi itachukua kati ya wiki kumi na wiki kumi na tatu za kazi, na hiyo ni kama hakuna mitihani, hakuna mahafali, na hakuna mtu atakayesafiri kwenda mkoani kukusanya data. Kwa kawaida ratiba ya namna hiyo huwa imeshavurugika kabla wiki ya pili haijaisha.

Mtindo wa mtoano nao una ubaya wake. Mechi 19 zinatosha kumpata bingwa, lakini kila raundi inawaondoa nusu ya waliobaki, na wanaoondoka mapema ni walewale waliokuwa na haja kubwa ya kucheza. Kufikia Ijumaa wawili wako mezani na kumi na wanane wanatazama, au wamerudi ofisini.

Kuna njia ya tatu, ambayo vilabu vya tenisi na skwoshi vimeitumia kwa miaka mingi: ngazi. Majina yote yanaandikwa kwenye orodha moja, kutoka juu kwenda chini. Aliye chini ana haki ya kumwomba mechi mtu aliye vidato vichache juu yake. Akishinda anapanda, akishindwa anabaki alipokuwa. Ratiba haipo, raundi hazipo, fainali haipo. Mechi inachezwa pale watu wawili wanapopata nusu saa, na orodha inabadilika siku hiyohiyo.

Ngazi maarufu kuliko zote za vyuo vikuu, hata hivyo, haiko mezani. Iko mtoni. Mito ya Oxford na Cambridge ni myembamba mno kwa mashua nyingi za makasia kushindana bega kwa bega, kwa hiyo Oxford tangu 1815, na Cambridge tangu 1827, zimekuwa zikizipanga mashua kwenye mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine. Pale Cambridge nafasi kati ya mashua na mashua ni kama urefu wa mashua moja na nusu. Mzinga unalia, wote wanapiga kasia kwa pamoja, na kila mashua inamkimbiza aliye mbele yake huku ikimkimbia aliye nyuma. Ikimgusa wa mbele, kesho yake inaanza katika nafasi yake. Mbio huendelea kwa siku nne, na wanaopanda kila siku hupata haki ya kujitengenezea kasia za kumbukumbu zilizopakwa rangi za koleji yao. (Mbio kubwa za Cambridge zinaitwa za Mei, ila hufanyika Juni. Waingereza hawaoni tatizo.)

Jambo la kuangalia kwa makini ni hili: nafasi ya mwaka huu ndiyo mwanzo wa mwaka ujao. Wanafunzi wanahitimu na kuondoka, lakini koleji yao inabaki pale walipoiacha. Timu dhaifu inaweza kurithi nafasi ya tatu iliyotafutwa na kaka zao, ikateremka kila siku kwa aibu. Na timu yenye nguvu inaweza kuhitaji miaka kadhaa kufika juu, kwa sababu kwa siku nne haiwezi kupanda sana. Ngazi, basi, haisemi nani bora leo. Inasema nani amemshinda nani mpaka sasa. Anayeianzisha katika idara yake akidhani atapata orodha sahihi ya ubora atasikitika. Anayetaka watu wacheze atafurahi, mradi aziweke kanuni zake kwa shabaha hiyo.

Kanuni ya kwanza ni umbali. Mtu aliye chini aruhusiwe kuomba mechi hadi wapi? Akiruhusiwa kidato kimoja tu, aliye wa 20 atahitaji ushindi 19 kufika juu, na atakata tamaa kabla hajafika wa 15. Akiruhusiwa popote, kila mtu atamkimbilia aliye juu, na huyo atacheza kila mchana mpaka achoke. Vidato vitatu ni kipimo kinachofaa kwa watu 20: kutoka mkiani hadi kileleni ni ushindi saba, safari ndefu lakini inayoonekana. Walio watano wa mwisho wanaweza kuongezewa, waombe hadi vidato vitano, kwa kuwa wao ndio wepesi wa kuacha kabisa.

Ya pili ni nini kinatokea baada ya ushindi, na hapa ndipo ngazi nyingi hukosewa. Tuseme wa tisa amemshinda wa sita. Njia moja ni wawili hao kubadilishana nafasi: mshindi anakuwa wa sita, aliyeshindwa anatupwa hadi wa tisa. Njia nyingine ni mshindi kuingia nafasi ya sita na wote waliokuwa kati yao kusogea chini kidato kimoja: wa sita anakuwa wa saba, wa saba wa nane, wa nane wa tisa. Kila njia ina manung'uniko yake. Katika ya kwanza, aliyekuwa wa sita ameporomoka vidato vitatu kwa mechi moja, ingawa wa saba na wa nane hawajawahi kumgusa. Katika ya pili, wa saba na wa nane wameshuka wakiwa wamekaa ofisini wanasahihisha mitihani.

Njia ya pili ndiyo bora, kwa sababu moja kubwa: aliyeshindwa anapoteza kidato kimoja tu. Mtu anayejua kwamba akipoteza atashuka kidogo hatakwepa mechi. Na wale wawili walioshushwa bila kosa wamepata sababu ya kuomba mechi wiki hiyohiyo.

Ya tatu ni muda wa kujibu. Ngazi isiyo na muda hufa ndani ya mwezi, na mara zote hufa kwa mtindo mmoja: aliye juu ana shughuli. Wiki hii kikao, wiki ijayo semina, wiki inayofuata mgongo unauma. Dawa yake ni kusema wazi tangu mwanzo kwamba aliyeombwa mechi ana siku saba za kazi. Zikipita bila kucheza, kidato chake kinachukuliwa na aliyeomba. Safari, ugonjwa na wiki za mitihani vihesabiwe kando. Anayekwenda kwenye utafiti kwa miezi mitatu jina lake liondolewe kwa heshima, na akirudi aingizwe vidato vichache chini ya alipokuwa. Anayekaa mwezi mzima bila kuomba wala kuombwa mechi ashuke kidato kimoja. Na aliyeshindwa asiruhusiwe kumrudia mshindi yuleyule mpaka awe amecheza na mtu mwingine, la sivyo wawili wenye uhasama mtamu wataikalia meza muhula mzima.

Wageni nao wana kanuni yao. Kila Oktoba au Novemba idara hupokea wanafunzi wapya wa uzamili, na miongoni mwao anaweza kuwemo aliyechezea mkoa au taifa. Kumweka mkiani ni haki kwa waliotangulia, ila ina maana watu saba watapigwa vibaya njiani kabla hajafika mahali pake. Kule mtoni, mashua mpya lazima ishindanie kwanza nafasi za mwisho kabisa. Idara inaweza kuwa na huruma zaidi: mgeni aanzie mkiani, lakini mechi yake ya kwanza amwombe yeyote amtakaye. Akishinda, akae hapo. Akishindwa, aanze kupanda kama wenzake.

Kuna swali moja la kimchezo ambalo kwa wapenda hesabu lina utamu wa pekee: mechi iwe ya seti ngapi? Tangu Septemba 2001 seti huisha kwa pointi 11, si 21 kama zamani, na mshindi lazima aongoze kwa pointi mbili. Sasa chukua wachezaji wawili ambao mmoja ni bora kidogo tu, kiasi kwamba anashinda pointi 55 kati ya kila 100. Katika seti moja, huyo aliye bora atashinda takriban mara 68 kati ya 100. Mkicheza seti tatu, mshindi wa mbili akiwa ndiye mshindi wa mechi, atashinda kama mara 76. Mkicheza tano, mshindi wa tatu akiondoka na mechi, atashinda zaidi ya mara 80. Kadiri mechi inavyokuwa ndefu, ndivyo bahati inavyopungua.

Mhadhiri wa takwimu atataka seti tano. Asikilizwe kwa adabu, kisha zichaguliwe tatu. Mechi ya seti tatu humalizika kwa robo saa hivi, watu wengine wanapata nafasi, na ile robo ya mechi ambayo mdogo anamwangusha mkubwa ndiyo inayowafanya watu waje kutazama.

Urefu wa mchezo ni tatizo la kale. Kwenye mashindano ya dunia ya Prague mwaka 1936, Alojzy Ehrlich wa Poland na Paneth Farkas wa Romania, wote wachezaji wa kujihami, walirudishiana mpira kwa zaidi ya saa mbili kutafuta pointi moja. Pointi moja tu. Baada ya vituko vya namna hiyo wavu ulishushwa hadi sentimita 15.25 za leo, na baadaye ikawekwa kanuni ya kuharakisha mchezo, ambayo leo inasema: seti ikipita dakika kumi bila pointi kufika jumla ya 18, aliyeanzisha mpira lazima apate pointi kabla mpinzani hajaurudisha mara 13, akishindwa, pointi ni ya mpinzani. Idara nayo ikiwa na wazee wawili wenye subira ya namna hiyo, kanuni ipo tayari kwenye kitabu cha sheria.

Kitabu chenyewe, kwa njia fulani, kilianzia chuo kikuu. Ivor Montagu, mtoto wa tajiri wa benki aliyesoma zoolojia Cambridge miaka ya mwanzo ya 1920, alitumia ujana wake kuupanga mchezo uliokuwa ukichezwa sebuleni na kila nyumba kwa kanuni zake. Mwaka 1926, akiwa na miaka 22, alishiriki kuunda shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ITTF, akawa rais wake hadi 1967. Kombe la dunia la timu za wanaume, Kombe la Swaythling, lina jina la cheo alichokipata mama yake kwa ndoa, Lady Swaythling, aliyelitoa. Huyo Montagu baadaye alifanya kazi ya filamu na Alfred Hitchcock na akawa mkomunisti aliyejitangaza wazi. Hakuwa mtu wa kukaa kimya kwenye kidato chake.

Kishawishi kikubwa cha wasomi kinakuja pale ngazi inapokuwa imechangamka. Mtu mmoja, mara nyingi wa hisabati au sayansi ya kompyuta, atauliza: kwa nini tusitumie Elo? Swali ni zuri. Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria, alikuwa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette huko Milwaukee, Marekani, na mchezaji hodari wa sataranji. Mfumo wake wa kumpa kila mchezaji namba ulikubaliwa na shirikisho la sataranji la Marekani mwaka 1960 na la dunia, FIDE, mwaka 1970. Uzuri wake ni kwamba tofauti ya namba inatabiri matokeo. Wawili wakitofautiana kwa pointi 200, mkubwa anatarajiwa kupata kama 76 kwa kila 100. Wakitofautiana kwa 400, kama 91. Baada ya mechi, mshindi anaongezewa na mshindwa anapunguziwa kulingana na jinsi matokeo yalivyoshangaza.

Ubaya wake uko hapohapo kwenye hesabu. Chukua kiwango cha kawaida ambapo pointi 32 ndizo zinazogombewa. Kiongozi aliyemzidi mpinzani kwa 400 akishinda anapata kama pointi 3. Akipoteza anatoa 29. Mtu mwenye akili timamu, na idara imejaa watu wa aina hiyo, ataona kwamba njia salama ya kubaki juu ni kutocheza. Katika sataranji jambo hili linajulikana sana: wapo wanaokaa na namba zao kama mtu aliyekalia kiti kwenye daladala, hawainuki hata iweje.

ITTF yenyewe imepitia hili. Hadi mwisho wa 2017 orodha yake ya dunia ilitegemea mfumo wa namba wa aina hiyo. Januari 2018 ilibadilisha: sasa zinahesabiwa pointi za mashindano ambayo mtu ameshiriki ndani ya miezi 12, na zikizeeka zinafutika. Matokeo yalionekana mara moja. Mjerumani Dimitrij Ovtcharov akawa wa kwanza duniani Januari hiyo, na Machi akafuatiwa na mwenzake Timo Boll, aliyekuwa akitimiza miaka 37. Boll ni yuleyule aliyetolewa na Mnigeria Quadri Aruna kwenye Olimpiki ya Rio 2016, siku Aruna alipokuwa Mwafrika wa kwanza kufika robo fainali ya mchezo huu katika Olimpiki. Wachache waliamini kwamba Boll alikuwa bora kuliko Ma Long wa China, bingwa wa Olimpiki na wa dunia. Wachina walikuwa wamecheza mashindano machache, basi. Shirikisho liliona afadhali orodha yenye kasoro kidogo kuliko mabingwa wasioonekana uwanjani.

Idara ifanye vivyo hivyo. Anayependa Elo ahesabu pembeni kwenye kompyuta yake kwa furaha yake mwenyewe. Ukutani ibaki ngazi.

Lipo jambo ambalo kanuni za kimataifa hazilitaji, na katika vyuo vya kwetu ndilo zito kuliko yote. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uzamili ataanzaje kumwomba mechi mtu anayemsimamia tasnifu yake? Anaingia ofisini: "Shikamoo, Profesa." "Marahaba, sura ya tatu imeisha?" Hapo mazungumzo ya raketi yanakufa. Wengine huona kuomba mechi ni kukosa adabu, na wengine, waseme wasiseme, huogopa kushinda.

Ngazi inatatua nusu ya tatizo hilo, kwa kuwa ni kanuni inayoomba, si mtu. Nusu ya pili ni kazi ya mtunza ngazi. Huyu ndiye moyo wa mpango mzima, na afadhali asiwe mchezaji mzuri sana. Mwanafunzi anamwambia yeye, yeye anaandika kwenye kundi la WhatsApp au anapita mlangoni: "Profesa, wiki hii una mechi na huyu kijana, Jumatano saa saba inakufaa?" Inakuwa ni taarifa ya ofisi, na taarifa za ofisi maprofesa wamezizoea. Mtunza ngazi mzuri hutunza pia mipira, hukumbuka nani amebakiwa na siku mbili, na haonei haya kumshusha Mkuu wa Idara kidato kimoja muda wake ukipita. Pengine hilo la mwisho ndilo linaloamua: siku jina la mkubwa linaposhushwa bila mjadala, vijana wote wanajua ngazi ni ya kweli.

Orodha iwe ya idara nzima. Katibu muhtasi, fundi sanifu wa maabara, dereva na mhudumu wa ofisi waandikwe pamoja na wahadhiri. Si ajabu mmoja wao akawa ndiye anayeushika mchezo. Wanawake na wanaume hawahitaji orodha mbili, kwa sababu ngazi yenyewe inamkutanisha kila mtu na wa kiwango chake. Waliozidiwa mno wasipewe pointi za kuanzia ndani ya ngazi, maana hapo mtu atapanda kwa zawadi. Michezo ya kupeana pointi iwe ya Ijumaa jioni, nje ya orodha.

Vifaa havina mengi. Meza rasmi ina urefu wa mita 2.74, upana wa mita 1.525 na kimo cha sentimita 76. Mashindano hudai uwanja wa mita 14 kwa 7, lakini idara yenye mita mbili za wazi nyuma ya kila mchezaji inajimudu. Mpira ni wa plastiki, kipenyo milimita 40, uzito gramu 2.7, na hupasuka, kwa hiyo ununuliwe kwa dazeni. Sheria mbili tu za uanzishaji zisisitizwe, kwa kuwa ndizo zinazoleta ugomvi: mpira urushwe juu kutoka kiganja kilicho wazi angalau sentimita 16, na usifichwe kwa mwili wala mkono. Mengine wachezaji watamaliza wenyewe.

Limebaki swali la siku ya kwanza: nani aanzie wapi? Kuwapanga watu kwa kukisia uwezo wao ni kuanza kwa kununa. Pigeni kura. Orodha ya bahati nasibu itakuwa ya ajabu, mchezaji hodari akiwa wa 18 na aliyeshika raketi jana akiwa wa pili, na wiki tatu za kwanza zitakuwa na purukushani tupu, jambo ambalo ndilo mnalolitaka. Kwa hiyo kama idara yenu ina meza inayowekewa mafaili, iondoleeni mafaili Jumatatu, bandikeni majina kwenye ubao wa matangazo, chagueni mtunza ngazi asiyeogopa wakubwa, na haki ya kuomba mechi ya kwanza mpeni aliye wa mwisho.